Ajira serikalini: maswali mnayouliza kila siku, kuanzia kuomba mpaka kuongezewa mkataba

Kila tangazo la kazi za serikali likitoka simu yangu inageuka masjala, meseji zinaingia mpaka usiku na nyingi ni zilezile, kwahiyo nimeamua kuzijibu zote sehemu moja. Mimi ni mtumishi wa kawaida tu, nilifanya usaili mara nne ndo nikapata, na kabla ya hapo niliwahi kufanya kazi ya mkataba ambao uliisha vibaya (nitaieleza huko chini). Haya yote yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar wana Tume yao ya Utumishi Serikalini na sheria yao namba 2 ya 2011, kwahiyo ndugu zangu wa visiwani msije mkanilaumu.

Hivi kweli bila mjomba unapata?

Unapata. Najua hujaniamini, hata mimi nilikuwa siamini mpaka jina langu lilipotoka na ukoo wetu mzima hauna hata mlinzi wa wizara.

Ngoja nieleze ilivyokuwa maana wengi hamkumbuki. Zamani kila taasisi ilikuwa inajiajiria yenyewe, tangazo linabandikwa kwenye ubao wa hukohuko ndani na wewe wa mkoani unakuja kusikia watu washaripoti kazini. Sera ya ajira ya 1999 ikasema watu waajiriwe kwa ushindani na kwa sifa, ikafuata Sheria ya Utumishi wa Umma namba 8 ya 2002, halafu sheria hiyo ikarekebishwa 2007 ndo ikazaliwa Sekretarieti ya Ajira. Yani chombo kimoja ambacho kinatangaza, kinachuja, kinasaili na kinapanga watu vituo kwa niaba ya waajiri wengi. Na juu ya yote kuna Katiba, ibara ya 22, inasema kila raia ana fursa na haki sawa ya kushika nafasi yoyote iliyo chini ya mamlaka ya nchi. Hiyo ibara huwa naipenda sana maana haijasema kila raia mwenye mjomba.

Sasa mjomba kafa? Hajafa bana, tusidanganyane. Ila kazi yake imekuwa ngumu kwa sababu kuna mchujo wa kuandika kabla ya mahojiano, mnakaa mamia kwenye ukumbi mmoja, na matokeo yanatoka kwa namba ya mtihani na alama, anayeendelea na asiyeendelea wanaonekana. Ukipata 38 mjomba atakusaidiaje hapo. Anakoweza kupenya zaidi ni kwenye vibarua vya muda na mikataba midogomidogo ambayo haipiti kwenye mchakato mkubwa, na ndo maana watu wa mikataba wanalia kuliko watu wa ajira ya kudumu.

Naombea wapi, na shilingi ngapi?

Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, na ni bure. Unahitaji namba ya NIDA, unafungua akaunti, unajaza taarifa, unapakia vyeti, unaambatanisha barua ya maombi iliyosainiwa. Nimesema ILIYOSAINIWA. Mtu akikwambia tuma elfu hamsini jina lako liingie kwenye orodha, huyo ni tapeli, na hata akikutajia jina la bosi wa kweli bado ni tapeli.

Mbona sijaitwa na sifa ninazo?

Hili ndo swali linaloongoza na jibu lake linaumiza, maana mara nyingi tatizo liko kwenye makaratasi na wala sio kwenye kichwa chako. Nawaomba wafungue akaunti zao tuangalie pamoja, na ninachokikuta ni vilevile: mtu kapakia transkripti hajapakia cheti chenyewe, au kapakia slipu ya matokeo ya kidato cha nne. Tangazo karibu kila mara linaandika wazi kabisa kwamba slipu za matokeo, matokeo ya muda na barua za kusifiwa hazitakubaliwa, lakini nani anasoma masharti ya jumla, tunasoma jina la kazi na mshahara tu.

Mwingine kasoma nje ya nchi, cheti kizuri, ila hajakipeleka kupata ithibati. Cha chuo kikuu kinaenda TCU, cha sekondari NECTA, cha vyuo vya kati NACTVET. Bila hiyo ithibati cheti chako cha nje ni picha nzuri ya ukutani.

Kuna hili pia, sifa za tangazo zinatoka kwenye muundo wa utumishi wa kada husika. Kama muundo umesema shahada ya uhasibu na wewe una ya biashara ambayo ulisoma masomo sita ya uhasibu ndani yake, anayechuja hawezi kukuhurumia, hata kama unajua kazi kumshinda aliyeitwa. Naona ni ukali uliopitiliza wakati mwingine, kwa kweli, lakini ukishaanza kukubali "inafanana fanana" ndo unamfungulia mlango yule mjomba wetu.

Umri nao, usizidi miaka 45 kwa ambaye bado hajaajiriwa serikalini.

Niko kazini tayari serikalini, naona nafasi nzuri kwingine, naomba?

Inategemea. Ukiwa kwenye cheo cha kuingilia, yani kile cha kuanzia kazi, usiombe cheo cha kuingilia kingine, kuna waraka wa Novemba 30, 2010 ambao matangazo huwa yanaukumbushia na wanaurudia kwa sababu watu hawasikii. Kama unaomba nafasi ya juu zaidi basi barua yako ipitie kwa mwajiri wako. Najua mnaogopa kupitishia kwa mwajiri maana bosi ataanza kukuangalia vibaya, ila ukiruka hiyo hatua unaweza ukafaulu kila kitu ukakwama kwenye uhamisho wa taarifa zako za mshahara, na hapo sasa mabosi wawili watakuangalia vibaya.

Mstaafu wa serikali haombi, labda awe na kibali cha Katibu Mkuu Kiongozi.

Siku ya usaili niende na nini?

Kitambulisho, chochote kati ya vinavyotajwa kwenye tangazo la kuitwa: cha NIDA, cha mpiga kura, leseni ya udereva, hati ya kusafiria. Halafu vyeti HALISI vyote kuanzia cha kuzaliwa. Wa kada zenye bodi, yani manesi, wahandisi, wafamasia na wenzao, mbebe cheti cha usajili na leseni ya kazi. Nauli, chakula na kulala ni juu yako, hawarudishi.

Na majina. Jamani majina! Usaili wangu wa pili nilikuwa kwenye foleni ya uhakiki, mbele yangu kuna kijana kavaa suti ya kijivu imemkaa vizuri, faili lake kalipanga na vile vigawanyio vya rangi, unaona kabisa huyu kajiandaa. Dada wa uhakiki akafungua cheti cha kuzaliwa, akafungua cha kidato cha nne, akaviweka sambamba mezani, akashusha kidole taratibu kwenye kimoja kisha kwenye kingine. Cha kuzaliwa kina "Jumaa", cha shule kina "Juma". Akauliza, hati ya majina unayo? Kijana akasema lakini dada ni mimi huyuhuyu, akaonyesha picha. Dada akasema kaka najua ni wewe. Akamrudishia faili. Tulibaki tunaangalia chini wote foleni nzima, kila mtu ghafla anafungua vyeti vyake anasoma herufi moja moja.

Hati ya majina inasajiliwa kwa Msajili wa Hati, unaenda kwa wakili anakuandalia, unaisajili, basi. Fanya sasa hivi kabla hujaitwa, sio wiki ya usaili.

Mchujo unakuwaje, na orali je?

Mchujo ni mtihani wa kuandika, siku hizi kada nyingi unafanyika kwenye kompyuta na unaweza kuufanyia mkoani kwako, sio kama zamani tulivyokuwa tunasafiri wote kwenda Dodoma au Dar kulala kwa marafiki. Walimu nao siku hizi wanasailiwa, zamani walikuwa wanapangiwa moja kwa moja. Maswali yanatoka kwenye kada yako pamoja na mambo ya utumishi wa umma kwa ujumla, kwahiyo soma majukumu yaliyoandikwa kwenye tangazo, kila jukumu ni swali linalosubiri. Kada za vitendo kama madereva na waandishi waendesha ofisi kuna usaili wa vitendo katikati.

Orali unakaa mbele ya jopo, wanasoma maswali yaleyale kwa kila mtu na kila mmoja anajaza alama kwenye karatasi yake. Hapo watu wanakosea kudhani wanapimwa Kiingereza. Unapimwa kama umejibu swali. Nilishaulizwa ungefanyaje ukikuta nyaraka ya siri imeachwa mezani na mwenzako kaenda kula, mimi nikaanza hotuba ya maadili ya taifa dakika tatu nzima, mzee mmoja wa jopo akavua miwani akaniambia "kijana, nyaraka bado ipo mezani". Nilikosa ile kazi na nilistahili kuikosa.

Nimejitolea miaka mitatu kwenye hospitali ya wilaya, hawanipi kipaumbele?

Naelewa hasira yako. Ila nafasi nyingi za kuingilia, daraja la pili, hazidai uzoefu kabisa, kwahiyo kwenye mchujo wewe na aliyetoka chuo jana mko sawa. Faida yako itaonekana kwenye vitendo na orali maana wewe unajibu kitu ulichokishika na yeye anajibu alichokikariri. Omba barua ya utambulisho yenye tarehe kutoka pale ulipojitolea, ila usiitegemee kama tiketi.

Nimefaulu lakini sijapangiwa. Nimeliwa?

Hujaliwa. Nafasi zikiwa tano na waliofaulu orali wakawa tisa, wanne wanawekwa kwenye kanzidata, na taasisi nyingine ikipata kibali cha kuajiri kada hiyohiyo ndani ya muda wa kanzidata wanachukuliwa kutoka humo bila usaili mpya. Ndo maana ukisoma tangazo la kuitwa kazini utaona linataja na waliokuwa kwenye kanzidata. Mimi mwenyewe nilitoka humo, nilishasahau kabisa nipo dukani kwa dada yangu nauza, mwenzangu mmoja akanitumia orodha ya PDF kaiwekea alama nyekundu. Kwahiyo usibadilishe namba ya simu hovyo na uwe unaingia kwenye akaunti yako, barua za kupangiwa zinapatikana humo.

Ila kanzidata ina muda wake, ukiisha unaanza upya kwenye mchujo kama wengine.

Vyeti vinahakikiwa kweli au ni vitisho?

Muulize aliyekuwepo 2017. Mwezi wa nne mwaka ule ripoti ya uhakiki ilikabidhiwa kwa Rais Magufuli pale Dodoma, ikawa na watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Watu waliokuwa wameshafanya kazi miaka ishirini wakaondoka. Na wengine kazi walikuwa wanaiweza kabisa, hilo tulilisema sana kwenye korido, ila nafasi ile kuna mwenye cheti cha kweli aliikosa na yeye hakuna aliyemlilia.

Nikishaajiriwa ndo nimemaliza?

Hapana, ndo unaanza. Miezi 12 ya kwanza ni kipindi cha majaribio, halafu mwajiri anatakiwa akuthibitishe kazini kwa barua. Watu wanasahau hii barua! Mtu anakaa miaka minne, anapeleka maombi ya kupandishwa daraja, anaambiwa mbona hujathibitishwa. Kumbe ofisa utumishi alihama, mwingine akaja, faili likakaa. Mwezi wa kumi na moja andika barua ya kukumbusha, iwe na muhuri wa kupokelewa, nakala ubaki nayo.

Kupanda daraja kwa kawaida ni angalau miaka mitatu kwenye cheo ulichopo pamoja na utendaji mzuri. Utendaji zamani ulikuwa unapimwa kwa OPRAS, zile fomu zilizoanza 2004 ambazo tukiwa wakweli wengi tulikuwa tunajaza mwezi wa sita usiku, unajipa malengo ambayo ushayafanya tayari, bosi anasaini bila kusoma. Siku hizi ni PEPMIS, unajaza kwenye mfumo na msimamizi anakubali au anakataa humohumo na tarehe zinaonekana, kwahiyo ile ya usiku mmoja imekufa. Kuna wanaoichukia, mtandao unakata, msimamizi hafungui. Mimi naitetea kwa sababu moja tu, kwamba bosi asiyekupenda zamani alikuwa anasema "huyu mvivu" na ikaishia hapo, sasa inabidi aikatae kazi yako kwenye mfumo na aseme kwa nini.

Niko kwa mkataba, unaisha mwezi ujao, bosi kasema nisijali. Nisijali?

Jali. Tena jali sana, na hapa naomba nikae kidogo.

Mkataba wa muda maalumu unaisha wenyewe tarehe ikifika. Hakuna kufukuzwa, hakuna barua ndefu, kalenda ndo inakufukuza. Na kuongezewa sio haki yako ya moja kwa moja hata kama ulifanya kazi vizuri kuliko wote. Lakini sio kwamba sheria imekuacha mikono mitupu: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 36, inahesabu kama kuachishwa kazi pale mwajiri anapokataa kukuongezea mkataba kwa masharti yaleyale au yanayofanana wakati ulikuwa na matarajio ya msingi kwamba utaongezewa. Neno ni *ya msingi*. Kwamba ulikuwa unatamani haitoshi. Uliongezewa mara tatu mfululizo, kuna barua ya bosi, umepangwa kwenye bajeti na mpango kazi wa mwaka unaofuata, hayo ndo yanajenga matarajio. "Usijali" ya kwenye korido haijengi kitu.

Mimi yalinikuta kwenye taasisi moja, sitaitaja. Miaka miwili, tathmini zangu nzuri zote, bosi ananiita "jembe langu". Mwezi wa mwisho nikamuuliza, akanipiga begani akasema wewe endelea na kazi, karatasi zitafuata. Nikaendelea. Nilifanya kazi siku kumi na moja baada ya mkataba kuisha, naingia asubuhi nasaini daftari kama kawaida, siku ya kumi na mbili mlinzi wa getini, kijana ambaye tulikuwa tunakunywa naye chai, akaniambia kaka jina lako limetolewa kwenye orodha samahani. Bosi hakupokea simu. Na zile siku kumi na moja? Kuendelea kufanya kazi baada ya mkataba kuisha kunaweza kuhesabika kama umeongezewa, lakini uwe na ushahidi, na mimi daftari la kusaini lilikuwa kwao, barua sina, hata meseji moja sina. Tathmini zangu nzuri zilikuwa kwenye kabati lao pia.

Kwahiyo miezi mitatu kabla andika barua rasmi ya kuomba kuongezewa, ambatanisha tathmini zako zote, ipitie masjala igongwe muhuri. Wakijibu hapana umepata muda wa kutafuta kwingine. Wakikaa kimya una karatasi. Na kama mkataba wako unalipwa na fedha za mradi, uliza mradi unaisha lini maana hapo hata bosi akikupenda namna gani hela ikiisha imeisha.

Nimeonewa, niende mahakamani?

Usikimbilie huko. Mtumishi wa umma tangu mabadiliko ya sheria ya 2016 anatakiwa kwanza amalize njia za ndani za utumishi wa umma, yani mamlaka yake ya nidhamu kisha rufaa mpaka Tume ya Utumishi wa Umma, ndo aende kwenye vyombo vya kazi. Wengi wameenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ya migogoro ya kazi) moja kwa moja shauri likatupwa bila hata kusikilizwa kiini chake. Tafuta wakili au mtu wa chama chako cha wafanyakazi mapema, rufaa zina siku zake.

Aliyeniita kwa usaili anataka "tuonane pembeni kwanza".

Hiyo ni rushwa ya ngono, kifungu cha 25 cha sheria ya kupambana na rushwa ya 2007, na ni kosa la jinai kwake. TAKUKURU namba 113, bure. Tunza meseji, usifute kwa hasira.

Nina ulemavu, niandike au nifiche?

Andika. Matangazo yenyewe yanawahamasisha wenye ulemavu waombe na yanataka uainishe, na ukiainisha ndo wanaweza kukuandalia mazingira siku ya mtihani. Ukifika bila wao kujua unahitaji maandishi makubwa utapewa karatasi ileile ya kila mtu.

Nimekosa mara ya tatu, nisubiri muda gani niombe tena?

Hakuna muda wa kusubiri, tangazo jingine likitoka omba. Ila kabla hujabonyeza kutuma fungua vile vyeti ulivyopakia mwaka juzi uviangalie, juzi tu nimemfungulia mtu akaunti tukakuta cheti chake cha shahada kimepigwa picha nusu, upande wenye saini haupo, na alishaomba nacho kazi tisa.